Kuitembelea Lucca, mji wenye ukuta mzima: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi wanaofika Toscana, mkoa wa Italia, hulala Florence, huenda Pisa kupiga picha na mnara ulioinama, na Lucca huipa saa tatu tu kati ya treni mbili. Saa tatu zinatosha kununua aiskrimu na kuona kanisa moja kwa nje. Hazitoshi kuujua mji ambao ukuta wake umesimama mzima, ambao magari mengi hayaruhusiwi kuingia, na ambao jioni, wageni wa kutwa wakishaondoka, hubaki mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa nautanguliza: lala ndani ya ukuta angalau usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Mengine yote humu yamepangwa kufuata uamuzi huo.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya kukata tiketi

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Julai na Agosti joto hukaa ndani ya vichochoro vya mawe hata usiku, na Julai kuna tamasha la muziki linalojaza Piazza Napoleone, uwanja wa katikati ya mji. Novemba ni mvua.

Kuna vipindi vitatu vya kuvitazama sana kwenye kalenda. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Novemba kuna Lucca Comics & Games, maonyesho ya vibonzo na michezo yaliyoanza kufanyika Lucca mwaka 1966 na ambayo yamewahi kuuza zaidi ya tiketi laki tatu kwa msimu mmoja. Kama vibonzo si shughuli yako, epuka siku hizo kabisa. Vyumba huisha miezi kabla na barabarani hakupitiki. Tarehe 13 Septemba usiku kuna Luminara, maandamano ya kidini kutoka kanisa la San Frediano hadi kanisa kuu la San Martino, ambapo taa za umeme za njia hiyo huzimwa na kuta za nyumba hupambwa kwa maelfu ya mishumaa ndani ya vikombe vya kioo. Hiyo ifuate hata kama itakulazimu kulipa chumba ghali kidogo. Cha tatu ni mwisho wa Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Zita, mji unapojaa maua. Huyu nitamrudia.

Hatua ya 2: Viza na karatasi zake

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Usingojee hizo siku 15; miezi miwili ndiyo nafasi ya kupumua, hasa ukiwa unataka kusafiri majira ya joto, wakati miadi hujaa. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen.

Ukiwa unaishi Muscat, Doha au London kwa kibali cha ukaazi, unaombea huko huko unakoishi. Na kama ratiba yako ina nchi kadhaa, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Maofisa husoma ratiba kwa makini, kwa hiyo majina ya miji kwenye barua yako, kwenye tiketi na kwenye uthibitisho wa hoteli yalingane.

Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo mpya wa kusajili wageni mpakani kwa kompyuta, pamoja na picha ya uso. Foleni zinaweza kuwa ndefu. Kama unabadilisha ndege Ulaya, usijipangie dakika 50 za kuunganisha.

Hatua ya 3: Kufika mpaka mlangoni

Uwanja wa ndege wa karibu ni wa Pisa. Kutoka hapo kuna kitreni cha dakika chache kinachoitwa Pisa Mover mpaka stesheni kuu, Pisa Centrale, kisha treni ya mkoa ya takriban nusu saa hadi Lucca. Wengi wetu lakini tutatua Roma au Milano kwa kupitia Addis Ababa, Istanbul au Doha. Kutoka Roma panda treni ya kasi hadi Florence, kama saa moja na nusu, halafu treni ya mkoa inayopita Prato, Pistoia na Montecatini. Hiyo inachukua saa moja na dakika 20 au zaidi kidogo.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kidogo kilichopo stesheni kabla hujapanda. Ukikaa kitini na tiketi safi isiyo na muhuri, kwa mkaguzi ni sawa na mtu asiye na tiketi, na faini yake haina huruma. Tiketi ya kwenye simu nayo ina hatua yake ya kuithibitisha kabla ya safari. Fuata maelekezo ya kwenye programu. Jambo jingine ni migomo. Neno la kulijua ni *sciopero*. Migomo hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kisha saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Pachika safari yako humo.

Kama unapanga kuendesha gari, kaa chonjo: karibu eneo lote la ndani ya ukuta ni ZTL, yaani magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, na kamera zinapiga picha namba ya kila gari linalopita lango. Faini itakufuata kupitia kampuni ya kukodi, wakati mwingine miezi mingi baadaye, pamoja na ada ya usumbufu. Egesha nje. Mistari myeupe ni bure, ya buluu ya kulipia, ya njano ni ya wenyeji. Na leseni yako ya nyumbani iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva.

Ukishuka kwa treni huhitaji teksi. Ukitoka nje ya stesheni ukuta unauona mbele yako, ng'ambo ya barabara na uwanda mpana wa nyasi. Kuna njia ya miguu inayokata nyasi hizo hadi buruji (sehemu ya ukuta inayochomoza nje) ya San Colombano, ikaingia chini ya ukuta kwa kipito cha matofali kilichopoa kama pango, na kukutoa ndani jirani kabisa na kanisa kuu. Ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuingia Lucca. Mwenye sanduku zito la magurudumu afadhali azunguke kidogo upande wa kushoto hadi lango la San Pietro, lililojengwa mwaka 1565, na atazame juu yake: limechongwa neno LIBERTAS, uhuru. Lucca ilikuwa jamhuri inayojitawala mpaka mwisho wa karne ya 18, huku majirani zake wakimezwa na Florence mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 4: Chumba

Tafuta ndani ya ukuta, upande wowote. Mji ni mdogo, unavukwa kwa miguu kwa dakika 20 au 25. Nyumba nyingi ni za kale na hazina lifti; uliza kabla, hasa ukisafiri na mzazi mwenye magoti mabovu. Mwenyeji atachukua taarifa za pasipoti yako na kuzipeleka polisi. Hiyo ni sheria kwa kila mgeni, usishtuke. Pia kuna kodi ndogo ya watalii inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Ukiingia dukani au mgahawani, toa salamu kabla ya kutaja shida: *buongiorno* mchana, *buonasera* kuanzia alasiri. Msomaji wa Malindi hili halitamsumbua, maana huko Kiitaliano cha sokoni kimezoeleka miaka mingi. Sisi wengine tujifunze, kwa sababu Mswahili anajua mwenyewe anavyomwona mtu anayeanza na "nipe".

Hatua ya 5: Anza na ukuta

Weka mzigo, kunywa maji, panda ukutani. Makanisa yangoje.

Ukuta huu si kuta nyembamba za mawe za kwenye picha za enzi za mashujaa wa farasi. Ulianza kujengwa mwaka 1504 na kukamilika katikati ya karne ya 17, enzi ya mizinga, na ukuta mwembamba mbele ya mzinga ni kifusi. Kwa hiyo walijenga tuta kubwa la udongo lililovikwa matofali: kimo chake kama mita 12, na upana wake chini hufikia mita 30. Mzunguko ni kilomita 4.2, na kuna buruji 11 zinazochomoza nje kama vichwa vya mishale, ili walinzi wa buruji moja waweze kupiga risasi sambamba na uso wa ukuta na kumlinda jirani. Ile nyasi uliyoivuka ukitoka stesheni ni sehemu ya mpango huohuo: ardhi iliachwa wazi ili adui asipate pa kujificha.

Adui hakuja. Pamoja na gharama zote zile, hakuna jeshi lililowahi kuuzingira ukuta huu. Kilichokuja ni maji. Tarehe 18 Novemba 1812 mto Serchio ulifurika, malango yakafungwa, na ukuta ukawazuilia watu mafuriko. Mtawala wa wakati huo alikuwa Elisa, dada yake Napoleon, na husimuliwa kwamba siku hiyo alikuwa nje ya mji, ikabidi apandishwe juu ya ukuta kwa mtambo wa kunyanyulia mizigo kwa sababu lango halikuweza kufunguliwa. Baada yake alikuja Maria Luisa wa Bourbon, ambaye aliugeuza ukuta kuwa mahali pa matembezi ya watu wote. Sanamu yake iko Piazza Napoleone. Mtu anayetembea leo kwenye kivuli cha miti ile ana deni kwake.

Juu ni barabara pana yenye miti pande zote. Kwa miguu mzunguko mzima ni saa moja na kidogo. Kwa baiskeli nusu saa inatosha ukienda bila haraka. Maduka ya kukodi baiskeli yako karibu na Piazza Santa Maria, kaskazini, na unaweza kupata ya watoto au ya kukokota kikapu. Mimi ningekodi baiskeli siku ya pili. Siku ya kwanza tembea, kwa sababu kwa miguu unachungulia. Upande wa kaskazini, karibu na San Frediano, unaiona kwa chini bustani ya Palazzo Pfanner, yenye safu za sanamu na vyungu vya milimau. Upande wa kusini mashariki, kwenye buruji ya San Regolo, kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1820. Kote huko utaona madirisha ya ghorofa ya pili yakiwa usawa wa macho yako, nguo zimeanikwa, mtu anakoroga chungu.

Kwa wenye watoto: baadhi ya buruji zina viwanja vya kuchezea, na ni mahali pazuri pa kupumzikia. Lakini ukingo wa nje mahali pengi hauna uzio wa maana, na kushuka kwake ni kimo cha ghorofa kadhaa. Mtoto mdogo asikimbilie pembeni.

Wakati mzuri ni kabla ya saa 3 asubuhi, au jua likielekea kuzama.

Hatua ya 6: Shuka kwenye Anfiteatro, kwa nje kwanza

Warumi waliifanya Lucca koloni lao mwaka 180 kabla ya Kristo, na mwaka 56 kabla ya Kristo Julius Caesar, Pompey na Crassus walikutana hapa kugawana madaraka. Uwanja wa michezo, ndio huo Anfiteatro, ulijengwa baadaye, nje ya ukuta wa wakati ule. Dola ilipoanguka watu walibeba mawe yake kwenda kujengea makanisa, na juu ya misingi iliyobaki wakajenga nyumba. Karne ya 19 msanifu Lorenzo Nottolini aliondoa vibanda vilivyojaa katikati, na hivyo umbo la duara refu likaonekana tena.

Kila mtu huingia moja kwa moja ndani, akae kwenye viti vya mkahawa. Wewe zunguka kwanza kwa nje, kwenye kichochoro cha Via dell'Anfiteatro, polepole, macho yakiwa ukutani. Utaona tao la matofali ya Kirumi limezibwa kwa mawe ya zama za kati, na katikati ya mawe hayo limetobolewa dirisha lenye mapazia. Hatua chache mbele, nguzo ya Kirumi imekuwa kona ya duka. Nyumba hizi zimekaa ndani ya magofu kwa karne nyingi na bado zina wapangaji. Kisha ingia kwa lango la mashariki, lililo la chini kuliko mengine: hilo ndilo la asili, na uchini wake unakuonyesha jinsi ardhi ilivyopanda tangu enzi za Warumi.

Dakika mbili kutoka hapo ni San Frediano, kanisa lenye picha kubwa ya mozaiki ya dhahabu mbele yake. Ndani, katika sanduku la kioo, amelazwa Zita. Alizaliwa kijijini mwaka 1212, akapelekwa kufanya kazi za ndani kwa familia tajiri ya Fatinelli akiwa na miaka 12, na akaifanya kazi hiyo hadi alipofariki tarehe 27 Aprili 1272. Alikuwa akiwapelekea maskini mikate ya jikoni. Husimuliwa kwamba siku moja tajiri wake alimsimamisha amfunulie aproni, na badala ya mikate yakaonekana maua. Ndiyo maana ya maua ya mwisho wa Aprili. Leo ni msimamizi wa watumishi wa ndani duniani kote. Katika mji uliojaa makaburi ya mabwana, watu wanamkumbuka kwa mapenzi zaidi dada wa kazi. Najua wapo wasomaji waliofanya kazi hiyo, Dar, Muscat au Napoli. Nawaomba wasilipite kanisa hili.

Hatua ya 7: Kanisa kuu na mnara mmoja

San Martino, kanisa kuu, litazame kwa mbali kidogo: tao la kulia ni dogo kuliko mengine, kwa sababu mnara wa kengele ulikuwepo tayari na nafasi ikawa finyu. Barazani, kwenye nguzo ya kulia, kuna mchoro wa duara wenye njia zinazojikunja, kiasi cha sahani kubwa. Karne nyingi watu wamefuatisha njia hizo kwa kidole kabla ya kuingia, na jiwe limelainika. Ndani kuna kaburi la marumaru la Ilaria del Carretto, mke wa Paolo Guinigi, mtawala wa Lucca wa wakati huo, aliyefariki mwaka 1405 baada ya kujifungua. Jacopo della Quercia alimchonga amelala, na miguuni mbwa mdogo ameinua kichwa kumwangalia. Simama upande wa mbwa kwanza, uone anachokiona. Tiketi ya pamoja inahusisha pia kanisa la San Giovanni lililo jirani, ambalo chini ya sakafu yake kuna mabaki ya kale yaliyofukuliwa, yanayofika enzi za Warumi.

Makanisa hufungwa mchana au wakati wa ibada. Mabega yafunikwe, kanga au shali nyepesi mkobani inatosha.

Minara ni miwili ya kupanda, nawe panda mmoja. Torre Guinigi ina ngazi 230, na juu kabisa imepandwa mialoni, kwa hiyo unautazama mji ukiwa kivulini. Torre delle Ore ina ngazi 207 na inakupa nafasi ya kuiona Guinigi yenyewe na miti yake. Kama ni mmoja tu, Guinigi.

Mpenzi wa muziki aongeze nyumba alikozaliwa mtunzi wa opera Giacomo Puccini mwaka 1858, karibu na San Michele in Foro.

Hatua ya 8: Kula bila kujuta

Chakula cha mchana huanza saa 6:30 na jiko hufungwa kama saa 8:30. Cha usiku huanza saa 1:30. Ukikosa dirisha hilo utaambulia vya kununua na kutembea navyo. Kwenye bili utakuta *coperto*, ada ya kukaa mezani. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa.

Mlo wa hapa ni *tordelli*, tambi zilizojazwa nyama na kumwagiwa mchuzi wa nyama. Muislamu ajue kwamba ndani huwa na nyama ya nguruwe mara nyingi, na hata supu ya *farro*, ngano ya kale ya milima ya Garfagnana, hukaangiwa mafuta ya nguruwe. Uliza: *c'è maiale?*, yaani kuna nguruwe? Vya kutafuta bila wasiwasi mkubwa ni *cecina*, chapati nyembamba ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni inayookwa kwenye tanuri la piza. Anayependa bajia za dengu ataitambua ladha mara moja. Na *buccellato*, mkate mtamu wa zabibu kavu na anisi, ambao wenyeji husema asiyeula hakufika Lucca. Ununue asubuhi, ule na chai ukutani.

Maji usinunue ovyo. Jaza chupa kwenye mabomba ya mjini, isipokuwa penye maandishi *non potabile*.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Kama treni yako ni ya alasiri, asubuhi nenda kusini nyuma ya stesheni ukaone mfereji wa maji wa Nottolini, uliojengwa karne ya 19, wenye matao zaidi ya 400 yanayokata mashamba kwa mstari mmoja. Vinginevyo panda treni ya Garfagnana hadi Borgo a Mozzano kwenye daraja la mawe la zama za kati linaloitwa la Shetani, urudi kabla ya chakula cha mchana. Daraja lina mgongo mkali. Viatu visiwe vya kuteleza.

Mafuta ya zeituni ya Lucca ndiyo zawadi ya kubeba. Yaweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, yakiwa kwenye kopo la bati badala ya chupa, maana mkononi hayatapita ukaguzi. Ukinunua bidhaa za zaidi ya yuro 70 katika duka moja, na huishi Umoja wa Ulaya, omba fomu ya kurudishiwa kodi palepale dukani ukiwa na pasipoti, kisha igongwe muhuri forodhani kwenye uwanja wa mwisho kabla ya kutoka Ulaya. Foleni hiyo huchukua muda, kwa hiyo fika uwanjani saa tatu kabla ya ndege.